Mikono Njoo Nayo, Chungu Kiache

Temeke, Jumapili

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mbuzi wa jirani bado wanakula mihogo yetu hapo Newala? Sie huku tupo, ila mie situlii: nakaa, nasimama, nachungulia chumbani kama dada yako anapumua. Anapumua. Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatizaga.

Mama Mkubwa kapewa plasta ya dawa ya maumivu. Inabandikwa mgongoni, dawa inapenya kwenye ngozi polepole. Mie niliyefika mpaka Lubumbashi nikawaelezea nyumba nzima kama daktari, na darasa la saba langu hilohilo. Ya kwanza ikateleza, maana mdogo wangu Zena alishampaka mafuta ya nazi. Tukaikuta imenata kwenye mto. Nikasema, "Mto umepona, mgonjwa bado!" Mama Mkubwa akacheka mpaka akashika ubavu.

Ya pili ikashika. Zena akataka dawa iingie haraka, akamkanda juu ya plasta kwa taulo la maji moto, kama ulivyomfundisha. Maumivu yakakata kweli. Halafu mgonjwa akalala, tunamwita, kimya. Pumzi moja, ungoje weee ndipo ije nyingine. Nikambeba mwenyewe mpaka kwenye bajaji. Hospitali wakaibandua, wakamhangaikia mpaka akafumbua macho. Nesi akatugeukia: "Nani kakanda?" Zena analia tu. "Joto linaisukuma dawa iingie kwa mpigo! Ngozi iwe safi, kavu, bila mafuta. Gandamizeni kwa kiganja mpaka ishike, basi. Msiongeze ujuzi!"

Mama, wewe hukujua, Zena hakujua, hata mie ninayejua kila kitu sikujua. Sasa nasikia umeshakata tiketi, na chungu chako cha kukandia kwa moto umekifunga kwenye kanga. Nikamuuliza Mama Mkubwa, "Mdogo wako huyo nani atamzuia?"

Akasema, "Mwambie mikono aje nayo, chungu akiache. Plasta mpya inataka kiganja kilichotulia. Cha Zena kinatetemeka, na chako wewe hakikai mahali pamoja."

Msalimie Babu mchonga vinyago; kile cha mwisho nimekiuza kwa maneno yangu matamu. Na Shangazi, mwenye kuku wasiohesabika, mwambie namkumbuka, hasa wakati wa kula.

Ukishuka stendi utanijua kwa kelele. Njoo haraka, Mama.

Ni mie mwanao, mtoto wa mjini niliyeishiwa usingizi,
Hamisi