Njugu Zako Hazifi

Mjukuu wangu Atieno,

Nisamehe kuchelewa kujibu. Mtoto anaota meno, nami nasinzia nikiwa nimesimama. Babu yako ni mzima. Najua wenzako chuoni wanacheka kwamba nyanya yako karibu ni rika lako. Ndoa ndiyo ilinipa cheo.

Unaogopa njugu ulizopanda chuoni kwa ajili ya mtihani zinakufa kwa sababu jioni hukunja majani. Hapana. Nilipoolewa hapa Nyamasaria, mke mwenzangu aliona zangu zimejikunja akasema, "Bibi arusi, hata njugu zimekukataa!" Nikafunga furushi la nguo nirudi kwetu. Babu yako akasema, "Ngoja asubuhi," akafunika mche mmoja kwa ndoo. Kulipokucha tukaufunua: majani yamefunguka humo gizani! Baadaye afisa wa kilimo alitueleza kwamba mmea una saa yake ndani, na homoni husaidia kulaza na kuamsha majani. Mwanga hurekebisha hiyo saa tu. Mimi nilikuwa nimeshafungua furushi langu, nikaenda kupalilia.

Kwa hivyo acha kuzimwagia maji kila jioni, zitaoza.

Bado nahitaji nepi mbili, pini zake, sabuni ya mche, na njugu zako za kwanza, mbichi, na udongo wake.

Nyanya yako