Kipepeo kwenye Suruali ya Shemeji

Jumanne, 21 Oktoba 2014
Nimechanganya chambo: ndizi zilizooza, sukari ya kahawia, bia mbili. Kwa kweli bia moja. Ya pili ameinywa shemeji Evaristo, mume wa marehemu dada yangu, akidai anaonja kama imeharibika. Vipepeo wanaovuka mto kutoka Meksiko kuja huku kwetu Texas hupenda uozo huu kuliko ua lolote. Uchaguzi wao ni mbaya kama wa wanadamu.

Evaristo anahamia kwa bintiye San Antonio Jumapili. Ameniuliza tena juu ya kipepeo wake wa kijivu aliyempiga picha mwaka 2006, yule anayetatarika kama mafuta ya moto akiruka. Nilimkata kipepeo huyo kwenye orodha ya vipepeo wa kaunti, ninayoitunza mimi. Picha ilionyesha mgongo tu! Ziko aina mbili zinazofanana mgongoni. Tofauti iko upande wa chini wa mabawa. Nao hutua mabawa wazi, wamejibandika kama stempu.

Amesema kwenye orodha yangu hata Mtakatifu Petro asingeingia. Angeingia, nikamjibu, akileta picha.

Jumatano, 22 Oktoba
Mvua. Hakuna kilichoruka.

Ijumaa, 24 Oktoba
Saa nne asubuhi, bustanini. Naandika nikiwa nimeketi chini, kamera shingoni.

Tulikuwa tunapaka magogo chambo. Evaristo akachoka, akakalia ndoo ya chambo. Haikuwa na kifuniko. Suruali ya kanisani, nyeupe. Nikamwambia ananuka kama baa.

"Basi nitapata marafiki, shemeji."

Amempata mmoja. Alipoinama kufunga kiatu, kipepeo wa kijivu alitua kwenye makalio yake. Mabawa wazi.

"Usinyanyuke."

"Mgongo unauma."

"Mgongo wako haumo kwenye orodha. Shika gogo."

Dakika kumi na moja sasa. Watalii wawili wamesimama njiani.

"Amefungua mabawa?" anauliza Evaristo.

"Tangu mwanzo. Tunataka afunge."

"Dada yako angekuwa ameshampuliza."

Angempuliza, naam. Lakini kanuni ya orodha inakataza kumbughudhi kipepeo. Niliiandika mwenyewe, ibara ya tatu. Kwa ibara ya kwanza, kipepeo ni wa aliyemwona kabla ya wengine. Nimemwona mimi. Evaristo hawezi, hakuna binadamu anayejiona huko.

Nimejaza fomu huku nikisubiri. Aliyemwona kwanza: nimeandika jina langu. Nimelifuta. Nimeandika Evaristo Cantú. Kwa penseli.

Dakika kumi na tisa. Magoti yake yanatetemeka — kipepeo naye anatetemeka, lakini hafungi. Evaristo anasema Jumapili atasafiri akiwa amepinda hivi hivi, na bintiye atauliza nani kamfanya hivyo.

Watalii wameondoka.

Nimesogea. Uso wangu uko shubiri moja kutoka kwenye suruali ya shemeji yangu. Navuta pumzi.