Jina Tulilopeana Katika Wosia

Kwako Mama Mghoi, huko ulikotangulia,

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, nje ya shule ya watoto wa bosi, hapa Al-Naseem, Riyadh. Dereva wa gari la pembeni, jamaa wa Machakos, amenigongea kioo tena. Tangu asikie kwamba mimi na wewe tuliandika wosia ilhali hatujaoana, haishi maswali. Jana aliniuliza: "Mwalimu, mimi na mama watoto wangu hatujaenda kanisani wala kwa wazee. Nikianguka hapa leo, yeye ni nani?" Nikamweleza mpaka watoto wakatoka. Unanijua, ualimu niliustaafu lakini kueleza hakujanistaafu. Nilipokuwa nikirudi nyumbani, watoto wakigombania simu kiti cha nyuma, nikatambua kwamba majibu yalikuwa yangu ila swali lilikuwa lako. Wewe ndiwe uliyeliuliza kwanza.

Ulikuwa mtu wa maswali tangu siku ile Jeddah. Bosi wangu alikuwa ameileta familia yake kutoka Riyadh kwa dada yake, nami nikiwa dereva wao, katika nyumba uliyofanyia kazi. Ulinisikia nikimsalimu mlinzi, ukatoka jikoni na mwiko mkononi. "Wewe ni wa Wundanyi au wa Mgange? Hiyo sauti ya Kitaita siwezi kuikosea." Nikasema Wundanyi. "Afadhali. Wa Mgange tungegombana." Sikuwahi kujua watu wa Mgange walikukosea nini. Nilidhani nitakuuliza siku moja, tukiwa wazee.

Huku Saudia hatukuwahi kuwa zaidi ya sauti kwenye simu na salamu za mlangoni pa jikoni, madam akiwa karibu. Ni nyumbani, mwaka tulipopata likizo wakati mmoja, ndipo tulipokuwa watu wawili kamili. Mimi nilikuwa mgane asiye na mtoto, nimekwisha kuota mvi, na sikutarajia tena kuitwa baba na mtu yeyote. Mghoi akaja, nawe ukabaki nyumbani kumnyonyesha hadi likizo yangu iliyofuata. Wazee wangu waliteremka kwenu mara moja, wakala, wakasikilizwa, wakapokelewa sehemu ya mahari na kuambiwa warudi kuimalizia. Kabla hawajarudi kazi ilituita, mimi Riyadh, wewe Jeddah, na Mghoi akabaki kwa mama yako, huko Mwatate. Nilipokwambia tufunge ndoa haraka likizo ijayo, ulicheka. "Mimi nitaolewa watu wakila wakashiba. Sitaolewa kama mtu anayekimbilia ndege."

Kisha akafa mlinzi mmoja wa kwetu, wa mtaa wa Al-Murabba, hapa Riyadh. Hukumjua, lakini nilikusimulia. Tulikuwa tumekusanyika chumbani kwao kupanga mwili usafirishwe, simu ikalia, na mwanamke akawa analia upande wa pili. Mmoja wetu akauliza, "Huyu ni mke wake?" Miaka yote marehemu alikuwa akimwita Mama Brayo, nasi tulimjua hivyo. Sasa jamaa zake walikuwa wamekwisha kusema kwamba hakuna mke wanayemtambua. Nilirudi kwangu nikijiuliza, je, wewe nawe ungepiga simu chumba kama kile, ukaulizwa hivyo?

Nilipokugusia habari ya wosia ulinikemea. "Baba Mghoi, usijichulie! Anayeandika wosia anaita kifo." Nikakuacha. Siku ya tatu ukaniletea sauti kwenye simu, ukinong'ona, nadhani ulikuwa chumba cha kufulia. "Hebu nieleze tu. Sijasema nakubali. Hicho kitu kinaandikwaje?"

Nikakueleza kidogo kidogo, kama nilivyokuwa nikifundisha darasa la jioni. Kwamba sheria ya kwetu inamtambua mtoto, wazazi wawe wameoana au hawajaoana, mradi baba anajulikana. Wasiokuwa na uhakika ni mimi na wewe. Kwamba kila mmoja aandike wake, atie sahihi mbele ya mashahidi wawili, nao watie yao. Kwamba ndoa ikifungwa baadaye hufuta wosia wa zamani, isipokuwa kama uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo. Hapo ulinikatiza. "Kumbe harusi inachana karatasi? Na wewe unataka harusi na unataka karatasi. Chagua!" Tukaandika wazi kwamba tunatarajia kuoana sisi kwa sisi, na kwamba siku hiyo ikifika wosia ubaki ulivyo.

Ijumaa yako ya mapumziko ulikwenda Ghulail, mtaa wa huko Jeddah, kwenye duka la fundi nguo mnakokutana, ukiwa na rafiki yako Mkawasi na mama mmoja wa Kisii. Mlinipigia simu, mkaniweka juu ya meza kati ya vitambaa. Ulitaka Mkawasi awe shahidi. Lakini katika wosia huo huo ulikuwa umemwachia cherehani yako iliyoko Mwatate. Nikaeleza kwamba shahidi akiandikiwa kitu, anaweza kukikosa kwa sababu ya sahihi yake mwenyewe.

"Mkawasi, umesikia," ukasema. "Chagua: kalamu au cherehani?"

"Cherehani!" Mkawasi akajibu kabla hujamaliza. "Kalamu ninayo."

Fundi nguo, Mswahili wa Lamu, akaitwa awe shahidi wa pili pamoja na yule mama wa Kisii. Alitaka kwanza kujua mgonjwa ni nani. Mlipomwambia hakuna mgonjwa alisema, "Basi nyinyi mna akili au mna wazimu, na mimi nitatia sahihi kwa vyote viwili."

Lakini kabla ya sahihi ulikuwa umenisimamisha kwenye mstari mmoja. Katika rasimu niliyokutumia niliandika upande wangu "mke wangu" na upande wako "mume wangu." Niliona ni heshima. Wewe ukasema, "Na si kweli. Mimi nitakuwa nimelala kaburini, mtu atasimama aseme mahari haijaisha, huyu si mume. Karatasi ikionekana imedanganya hapo, nani ataiamini mbele? Tafuta neno ambalo hakuna mtu anaweza kulibishia." Tukalitafuta siku kadhaa. Mchumba ulilikataa, ukasema mchumba ana mvi? Mwenzangu nalo ulisema ni la wafanyabiashara. Mwisho ukaniambia, "Andika baba wa mtoto wangu Mghoi. Hilo hata wa Mgange hawawezi kulipinga."

Jambo moja liliniuma, nami nilikuuliza. Uliniandika mlezi pamoja na mama yako, si mimi peke yangu. Ulijibu bila kufikiri sana: "Wewe utamweleza kila kitu, hata asichouliza. Mama atamwacha alie. Nataka apate vyote." Naona ulifurahi kwamba umeweza kuninyamazisha.

Ulipougua na kurudi nyumbani nilidhani ni uchovu wa kazi. Nilikuja kukuzika. Baada ya mazishi, watu wakiwa bado wameketi, kaka yako Mwakio alisimama. Hakunitukana. Alisema, "Mwalimu, tunakuheshimu. Lakini mahari haijaisha, na kwetu mtoto wa namna hiyo ni wa nyumba ya mama yake. Kwa Mghoi, wewe ni nani?" Mghoi alikuwa ameshika suruali yangu. Nilijua sheria yote, Mama Mghoi, na sikuweza kutamka hata neno. Mama yako ndiye aliyemwambia chifu asome wosia wako, ule uliorudi nao nyumbani. Chifu alipofika kwenye maneno yale, baba wa mtoto wangu Mghoi, alisimama kidogo akanitazama, akaendelea mpaka mwisho. Mwakio aliketi. Baadaye alinijia na kikombe cha chai. "Kumbe dada alijua nitauliza," akasema.

Alijua. Nami bado najiuliza ulijuaje.

Sasa ni zamu yangu tena. Wosia wangu unakutaja wewe kuwa mlezi, na wewe hupo; mama yako, anayemlea Mghoi, magoti yamemchosha, hata kanisani anapelekwa. Mghoi anakaribia kumaliza darasa la tano. Nikianguka mimi, nani atabaki naye? Nimewapitia ndugu zangu mmoja mmoja, watu wema wote. Juzi nikampigia Mwakio.

"Mimi?" akasema. "Mwalimu, katika watu wote?"

"Siku ile kila mtu alikuwa anangoja chakula. Wewe peke yako ndiwe uliyejali mtoto anakwenda na nani."

Akauliza: "Na mimi utaniandika nani? Shemeji?"

"Shemeji bado. Mjomba wa mtoto wangu."

"Hapo sawa." Kisha akacheka, akafanana na wewe. "Lakini Mwalimu, hayo ya mahari hayajazikwa. Unajua kwetu."

Najua. Bosi amekubali kunipa ruhusa ya kuondoka moja kwa moja, halas, yaani basi, na mwezi ujao nitateremka kwenu na wazee waliobaki. Watakula, watashiba, kama ulivyotaka. Huenda ni ujinga kumalizia mahari ya mtu aliyelala. Nimejiuliza ungesema nini, na kila mara nasikia kitu kimoja tu, ile sauti ya kunong'ona kutoka chumba cha kufulia: "Hebu nieleze kwanza. Sasa hapo karatasi yetu itachanika?"

Haitachanika. Nimeliangalia hilo. Wewe ulikwisha kwenda nayo mahali ambapo haifutwi. Ila wazee wakipokea, na Mwakio akiniita shemeji mbele ya watu, nitakuwa na haki ya kuliandika lile neno nililoandika kwanza ukalikata, mke wangu. Nimelifikiria sana. Nitalitamka siku hiyo, mara moja, pale ulipolala. Kwenye karatasi nitaliacha lile lako, kwa maana ndilo lililosimama mimi nilipokosa sauti.

Watoto wametoka. Lala salama.

Ni mimi,
baba wa mtoto wako Mghoi