Kufuli Moja kwa Watu Wawili

Kwako Mama Tryphosa, mimi ni msomaji wako wa siku nyingi hapa Eldoret na sijawahi kumwandikia mtu gazetini, lakini leo naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili, kwa sababu siku hiyo nimeitwa Ainabkoi nisimame mbele ya watu niseme maneno ya ukumbusho juu ya mtu ambaye nilimuua. Neno hilo nimelikata mara tatu, sasa nimeliacha.

Mimi ni fundi wa umeme kwenye meli ya mizigo, nilianza kwa kufunga nyaya kwenye nyumba za mtaa wa Langas kisha nikaenda kusomea kazi ya meli Mombasa, na huko ndiko nilikutana na Kiplimo, fundi wa mitambo, mtu wa Ainabkoi, tukacheka sana kwamba tumeenda hadi baharini kujuana na nyumbani kwetu ni pua na mdomo. Tukaajiriwa meli moja, Wakenya wawili tu kati ya watu ishirini na mmoja, tukawa ndugu. Likizo ya kwanza alinipeleka kwao nikala kwa mama yake, mimi Mbukusu, Mluhya ambaye baba yangu alichomewa duka Burnt Forest kwenye fujo za kikabila za baada ya uchaguzi, mwaka wa 2008, na yule mama akanishika mikono miwili akaniita mwanangu.

Sasa Mama, melini kuna sheria ambayo hata mpishi anaijua, kwamba mtu akitaka kuingia kwenye mashine anazima swichi yake kuu, anaifunga kwa kufuli yake mwenyewe, anatundika kadi yenye jina lake, na ufunguo unakaa mfukoni mwake, na wakiwa watu wawili ni kufuli mbili, wakiwa watano ni tano, na mashine haiwashwi mpaka kila mmoja atoe yake kwa mkono wake. Asubuhi hiyo feni kubwa inayoleta hewa kwenye chumba cha injini ilikuwa inapiga kelele mbaya, tukatumwa mimi na Kiplimo, nikazima swichi nikaweka kufuli yangu, naye akajipapasa mifukoni akaniambia, "Ngoja nikimbie juu nichukue padlock yangu, nimeiacha kwa kabati." Mimi nikamwambia, "Wachana nayo bana, yangu inatosha. Kwani naweza kuwasha na wewe uko ndani?" Akacheka akaingia.

Nilimaliza sehemu yangu mapema nikarudi kwenye ubao wa swichi, na injinia mkuu, ambaye tunamwita Chifu, akawa anapiga simu kila baada ya dakika mbili kwamba joto limezidi na injini itazimika yenyewe, na nilipochungulia kwa mbali nikaona sanduku la vifaa la Kiplimo haliko tena mlangoni kwa feni, na ilikuwa saa nne, saa ya chai, nikajua amepanda kunywa chai. Sikwenda kuangalia, ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu baadaye. Nilitoa kufuli yangu nikawasha. Kumbe alikuwa amesogeza sanduku kando ili apite, akarudi ndani kukaza bolti ya mwisho.

Walipofanya uchunguzi waliniuliza kwa nini marehemu hakuweka kufuli yake, nami nikaandika na kutia sahihi kwamba nilimkumbusha akapuuza, na kwamba nilikwenda mlangoni nikamwita mara mbili, kwa hivyo ripoti ikasema amekufa kwa uzembe wake. Mwezi wa nne uliopita nilikwenda kwao na mama yake akasimama kanisani mbele ya watu wote, akanigeukia akasema, "Mwanangu, utusamehe. Kiplimo amekuletea taabu kwa sababu ya kutosikia." Kisha nyumbani akanionyesha ghala la mahindi, limefungwa kwa kufuli nyekundu yenye jina la Kiplimo, iliyorudishwa kutoka melini ndani ya begi lake, akaniambia, "Si unaona alikuwa nayo? Kuitumia tu ndiyo ilimshinda."

Mke wangu Nanzala anasema ninyamaze, aliyekwenda amekwenda na sisi tuna watoto, na mimi naogopa nikisema watu watasema Mluhya alimuua kijana wetu, unajua huku kwetu jambo dogo linaweza kuwa kubwa. Kampuni nayo inaniita nirudi melini mwezi ujao. Je, niseme tu mazuri yake niondoke? Au nitume ujumbe kwamba mimi ni mgonjwa? Sina usingizi, Mama.

Ni mimi, mwenye ufunguo, Eldoret.

Mama Tryphosa anajibu:

Nimeisoma barua yako nikaiweka chini, nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu, ndipo nikarudi. Pole. Naisema pole hiyo kwa moyo, kwa sababu ulimpoteza rafiki na ni mkono wako uliobonyeza. Lakini imeishia hapo, sasa tuongee.

Mimi nilikuwa karani kiwandani miaka kumi na tisa, kwa hivyo najua kadi za onyo na najua wanaume wanaojuana. Mgeni mngemwekea sheria yote. Ndugu ndiye mnayemwambia "yangu inatosha." Sheria ile haikuwekwa kwa sababu watu hawapendani, kijana wangu. Iliwekwa kwa sababu mtu anayekupenda pia huharakishwa na simu ya Chifu.

Usinichanganyie mambo mawili. Ulipowasha feni ulifanya kosa baya, la dakika moja, na hukukusudia. Ulipoandika ile taarifa ulikuwa umeketi, kalamu mkononi, hakuna joto wala kelele, na mwili wa rafiki yako huenda bado uko ndani ya jokofu la meli. Hilo ulilikusudia. Umelirudia kila siku tangu wakati huo, na siku ile kanisani ulilirudia ukiwa umenyamaza, mama wa watu anakuomba msamaha, nawe ukaupokea! Nimekasirika na sitaficha.

Eti utume ujumbe kwamba u mgonjwa. Malaria ya Jumamosi peke yake? Na hiyo hotuba ya kumsifu Kiplimo, ikome. Huwezi kumsifu mtu uliyemwandika mzembe.

Kuhusu kabila, hofu yako naielewa, mimi pia niliishi hapa mwaka ule wa 2008. Lakini yule mama alijua vizuri unatoka wapi alipokushika mikono. Usimtumie yeye na watu wake kama pazia la kujifichia. Hofu tutaishughulikia kwa akili, si kwa uongo.

Anza leo kwa Nanzala. Mwambie yote, pamoja na zile hatua kumi na mbili, maana nadhani anakushauri unyamaze bila kujua unanyamazia nini. Kesho tafuta wakili, si rafiki wa rafiki, na uandike taarifa mpya inayosahihisha ile ya kwanza, iende kwa kampuni na kwa mamlaka inayosimamia mabaharia. Melini usirudi kabla ya hapo. Wenzako kule wamefundishwa kwamba Kiplimo alikufa kwa kutosikia, na kila mmoja anajiona yeye ni msikivu, kwa hivyo hivi tunavyoongea huenda kuna wawili wengine chini ya kufuli moja. Huenda ukapoteza kazi. Huenda ukashtakiwa. Sitakudanganya kwamba mambo yataisha vizuri, sijui yataishaje.

Ainabkoi usingoje siku ya ukumbusho. Nenda kabla, mchana, na usiende peke yako. Mwone kwanza mchungaji wa kanisa la yule mama, umweleze, yeye amwite mzee mmoja wa ukoo, mwende pamoja. Usibebe sukari wala blanketi za kumtuliza. Usiombe msamaha siku hiyo, kwa sababu ukiomba utamlazimisha mtu mwenye maumivu akujibu. Akikufukuza, ondoka polepole. Akisema usikanyage kwenye ukumbusho, usikanyage.

Najua ukifika pale utaanza kueleza mambo ya joto, na Chifu, na saa ya chai. Hayo acha, atauliza mwenyewe akitaka. Mwombe mkasimame karibu na ghala la mahindi, umwonyeshe ile kufuli nyekundu, useme hivi tu: "Mama, Kiplimo alitaka kwenda kuichukua. Mimi ndiye niliyemwambia asiende."