Kwa Baba, Aliyetuambia Anafundisha

Mwaka umetimia, Baba, tangu ndege ile mpya, ambayo hata jina ilikuwa haijapewa, ilipokataa kunyanyua pua ukiwa ndani yake peke yako. Wengine huandika kumbukumbu kama hii kwa machozi. Sisi tumeiandika kwa machozi na hasira. Jiwe la kaburi lako bado liko kwenye karakana ya mchongaji. Jina lako lipo, tarehe zipo, lakini mstari wa kazi yako umekaa mtupu karibu mwaka mzima, kwa sababu Mama alikataa kusema kiandikwe nini.

Jinsi ulivyokuwa, nani asiyejua? Walikuita Tiara. Kazi yako ilikuwa kurusha ndege ambazo hakuna aliyewahi kuzirusha, ili wengine wajue kama zinafaa. Ulivaa soksi nyekundu mguu wa kushoto na ya kijani mguu wa kulia, kama taa za mabawa, na aliyekucheka ulimwuliza yeye akigeuka gizani tutajuaje anaelekea wapi. Ndege mpya uliiita mkwe: uiheshimu, usiizoee mapema, wala usiiamini inapokuchekea. Siku magurudumu yalipogoma kushuka ulitua kwa tumbo, ukatoka kwenye povu la wazima moto ukiuliza kama chai imeshaisha. Mezani ulitusimulia yote hayo kwa vijiko na kifuniko cha sufuria. Ulipiga chuku, tukijua unapiga chuku, na tulivunjika mbavu.

Na ulikuwa na huruma. Fundi mmoja aliposahau kufunga kifuniko cha tangi, ulimtetea mbele ya wakubwa, kisha ukamtembeza chini ya ndege nzima, kifuniko kimoja baada ya kingine, mpaka akavijua vyote. Hukumpigia kelele hata mara moja.

Kisha ukaanguka na ndege, nyonga ikavunjika. Wodini, Mama akiwa amekushika mkono, ulikula kiapo mbele yetu sote: "Basi. Nimeshuka. Kuanzia leo ni chaki na ubao." Mama alilia kwa furaha hadi muuguzi akaja kuuliza kuna nini.

Miaka mitatu ulikuwa mwalimu wa marubani. Ulitoka na mkoba, ukarudi na chaki kwenye mikono ya shati. Mama aliisugua kwa brashi akinung'unika, "Hivi hao wanafunzi wako hawana hata kifutio?" Ulileta nyumbani mitihani ya kusahihisha. Tulizima redio, tukakuletea chai, tukatembea kwa kunyata ili mwalimu asikosee hesabu. Wenzako walikuja kula, fundi mkuu wa ndege akiwa wa kwanza kufika mezani na wa mwisho kuondoka, na wote walikuita "Mwalimu" bila hata kope kutikisika.

Walipotuletea habari kwamba ndege imeanguka nawe, tulidhani ulipanda siku hiyo moja tu, labda kumsaidia mtu. Majirani tuliwaambia hivyo hivyo. Kisha, kaburini, fundi mkuu alisimama akakusifu: "Tangu apone nyonga, Tiara amejaribu ndege kumi na moja. Hakukosa angani hata wiki moja." Watu waliguna kwa kustaajabu. Mama aligeuka akatutazama mmoja mmoja, kuona ni nani kati yetu aliyejua. Hakuna aliyejua. Huku ukimwagiwa sifa, sisi tulijiona wajinga mbele ya kadamnasi.

Wiki iliyofuata fundi mkuu alileta vitu vyako kwenye katoni: glavu, miwani, na pakiti ya chaki.

"Chaki ya nini?" Mama akauliza.

"Alikuwa akijipaka kabla ya kurudi nyumbani, shemeji."

"Umekula kwangu miaka mitatu. Unamwita mwalimu huku unaninyooshea sahani nikuongeze."

"Alituapisha. Alisema ukijua hutalala."

"Na sasa nalala?"

 Fundi mkuu aliiacha chai yake ipoe, akaaga.

Mitihani aliikuta kitinda mimba wetu kwenye droo. Ilikuwa arobaini, ileile kwa miaka yote mitatu, ya darasa lililomaliza kabla hujavunjika nyonga. Umeisahihisha tena na tena, wino juu ya wino. Kuna mwanafunzi alianza na alama arobaini na nane, akapanda hadi sitini na moja, akaishia sabini na maneno "Unaendelea vizuri." Tulicheka, Baba, tukificha tutakuwa waongo kama wewe. Kisha Mama akainuka mezani akaenda chumbani. Ulitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, tena kwa subira, ukurasa kwa ukurasa, ukinywa chai yetu.

Watu wanatuambia tujivunie. Kiwanda cha ndege kinataka kutundika picha yako ukumbini. Baba Mkubwa anasema ulificha kwa mapenzi, na kwamba kukukataza kuruka kulikuwa sawa na kukukataza kupumua. Labda. Lakini ungesema huwezi kuacha, Mama angekasirika, angenuna wiki mbili, kisha angeishi na jambo analolijua. Wewe uliamua peke yako nini tunaweza kukibeba na nini hatuwezi. Umetuumiza, na tunalisema hili wazi, magazetini, kwa sababu wewe hukutupa nafasi ya kukuambia ana kwa ana.

Zamani, ulipokuwa ukiruka tukijua, Mama aliacha kila kitu asubuhi, akakusindikiza hadi getini, akakushika uso kwa mikono miwili, ndipo ukaondoka. Sisi tulipanga foleni nyuma yake tukisubiri zamu zetu. Ulipokuwa mwalimu tuliacha. Nani anamuaga mtu anayekwenda darasani? Asubuhi ya mwisho ulisimama kwenye mlango wa jikoni ukasema, "Mama watoto, naenda." Alikuwa anakatakata vitunguu. Hakugeuka. Alisema, "Ukirudi pitia sabuni."

Wewe ulijua unakwenda wapi. Yeye hakujua.

Mwezi huu Mama alikwenda mwenyewe kwa mchongaji. Baba Mkubwa alitaka "Shujaa wa Anga." Sisi watoto tulitaka "Mwalimu," kwa kuwa huyo ndiye tuliyeishi naye. Mama alikataa yote mawili.

"Andika rubani wa majaribio," alimwambia.

Mchongaji akauliza kama aongeze neno la sifa.

"Hapana. Andika hivyo hivyo. Nimedanganywa vya kutosha, sitaki jiwe nalo linidanganye."

Wanaokukumbuka ni mkeo. Wanao wanne na wakwe zako. Wajukuu zako, ambao bado wanavaa soksi za rangi mbili na hakuna aliyewakataza. Kaka yako, Baba Mkubwa wetu. Dada zako wawili. Na fundi mkuu, ambaye Mama amekubali aandikwe, ila awe wa mwisho.

Maisha yetu yote, Baba, hatutakusahau. Mama anasema tukuambie kwamba hajamaliza kugombana nawe.