Skrini Niliyotumia na Nyamizi

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Hapa Kolandoto tu wazima, na mama yako mdogo amejifungua salama mtoto wa kike.

Umeniuliza kama enzi zetu tuliwahi kutumia skrini moja kwa kompyuta mbili. Tuliwahi. Miaka ya tisini nilikuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya watafiti wa dhahabu, Geita. Mimi na mwenzangu Nyamizi kila mmoja alikuwa na kompyuta yake, lakini skrini, kibodi na kipanya tulichangia, kwa kisanduku chenye swichi ya kuzungusha, iliyovihamisha kutoka kompyuta yangu kwenda yake. Akichoka kusubiri alicheka, "Dada, zungusha basi, nami niingie!"

Akaugua, akarudi kwao, na hakupona. Tulipotoka kumzika, bosi akaniambia kwa upole, "Mama, ile ripoti yake inasubiriwa."

Nikazungusha swichi kwenye kompyuta yake, nikaifungua ripoti. Ilikuwa imeishia katikati ya sentensi. Nililia kwanza, ndipo nikaimalizia. Chini, mahali pa herufi za mwanzo za jina la mpiga chapa, niliandika za Nyamizi. Bosi aliziona, akasaini.

Nyamizi sikuwahi kumuuliza habari za kwao; nilikujua siku ya kumzika. Tangu hapo, mtu ninayekaa naye meza moja namuuliza habari za kwao mapema, tukiwa bado tunacheka.

Nakuombea heri,
Bibi yako