Nipitishwe Umeme, Shangazi, au Picha Yatosha?

Mpendwa Shangazi, kabla hujafika mstari wa pili nakusihi, hata neno moja la barua hii lisimfikie mume wangu wala bosi wangu. Naomba msaada kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Mimi ni karani wa masijala, nina sarkoidosisi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili huotesha vijivimbe mahali pasipostahili, kwangu kwenye mapafu, na nilidhani kwa dawa tumemalizana, lakini sasa nyayo zinawaka na vidole vya mkono wa kulia vina ganzi, na juzi nikifunga bahasha kwa lakiri, ile nta ya kuyeyusha ya mhuri, ikanidondokea kidoleni ikiwa ya moto kabisa, nisijue mpaka mwenzangu wa meza ya pili akapiga kelele, "We dada, unajipika!" Ofisi nzima ikacheka, nami nikacheka nao, kisha nikaenda kulia stoo.

Daktari anataka vipimo viwili: ultrasaundi ya mishipa ya fahamu, na kile cha kupitisha umeme mkononi. Cha picha sikiogopi. Cha umeme nimekikimbia mara mbili, kwa kuwa nahofia kitaumaliza mshipa uliobaki, na nahofia zaidi kuambiwa mkono ndiyo basi, maana mume wangu ni fundi cherehani, mtu wa utani na huruma, ndoa yetu bado changa, na sitaki ajikute ameoa mgonjwa. Nimemwambia kidonda ni cha chai. Jana alinifungia vifungo vya blauzi bila kuombwa, akasema, "Karani, hivi nilivishona mwenyewe, acha nivitawale."

Je, nikifanya cha picha peke yake?

Tafadhali usipige simu ya ofisini. Nitumie ujumbe saa ya chakula cha mchana, uanze na neno "risiti", nitajua ni wewe.

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, ujumbe wa "risiti" nimekutumia, siri yako ninayo, na kabla ya kuchapa hapa vya kubadilisha nimebadilisha. Pole sana. Sasa kaa nikuseme.

Nimemuuliza daktari wa mishipa ya fahamu. Ultrasaundi huonyesha umbo: mshipa umevimba wapi, umebanwa wapi. Lakini picha ya barabara haikwambii kama magari yanapita. Hilo huulizwa umeme. Ni mapigo madogo, vidole vinashtuka, pengine na sindano nyembamba kwenye msuli. Kunakera, hakuui mshipa. Na majibu yakitoka safi, asikwambie mtu unajidekeza: nyuzi nyembamba kabisa, zile za kuhisi moto na maumivu, kipimo hiki hakizifikii, zina vipimo vyake. Kinachoupoteza mkono ni kuchelewa. Ukiwahi, dawa zina nafasi.

Na mumeo! Mtu anayeishi kwa vifungo asiujue mkono ulioshindwa na kifungo? Anajua, mwanangu. Anakungoja useme. Chai gani hiyo ya kuchoma ncha ya kidole kimoja! Mwambie leo, kabla hajavua tepu shingoni.

Siku ya kipimo oga, usipake mafuta wala losheni, maana waya hazitashika. Kama unameza dawa ya kuzuia damu kuganda, au una kifaa cha moyo, sema kwanza. Lakiri mwachie mwenzako. Tena mikono ya baridi huchelewesha mapigo na kuvuruga majibu, kwa hiyo fundi aende nawe, aushike huo wa kulia kwa mikono yake miwili mpaka uitwe ndani. Kazi hiyo usimpe muuguzi.